Moto wa Kinywani

Naandika kwa sababu kusema kunanichosha. Nikisema kwa dakika kumi taya zinaniuma, mate yananikauka, na watu wasionijua hunitazama mdomoni badala ya machoni. Kalamu hainitazami. Basi wewe uliye na kidonda mdomoni na hujamwambia mtu, au wewe unayemuuguza mtu wa namna hiyo, soma taratibu. Sitakueleza ugonjwa ulivyo, maana mimi niliishia darasa la saba. Nitakueleza nilivyopita humo. Nyumbani tulizungumza Kijaluo, lakini naandika kwa Kiswahili kwa sababu wodini nililala na wanawake wa kila kabila, na hao pia nawaandikia.

Mimi ni mzaliwa wa Kano, karibu na Ahero. Niliolewa Nyakach, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Katito, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kwetu mke huitwa kwa mahali alikotoka, kwa hiyo mama mkwe wangu aliniita nyar Kano, binti wa Kano, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Watoto wote wa boma walimwita yeye Dani, yaani bibi, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Mume wangu, Zablon, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha sukari kule Muhoroni. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Ukweli ni kwamba nilikaa na Dani kuliko nilivyokaa na mume.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Otieno. Alikufa kwa surua akiwa na miezi minane. Matanga yalipokwisha na watu kurudi kwao, na Zablon akarudi kazini, maziwa yalikuwa bado yananitoka. Blauzi ililowa mbele kila alasiri, saa ile aliyozoea kunyonya. Dani alinikuta jikoni kwake, kwenye kimoja cha vigoda vyake viwili, nimejishika kifua kwa mikono miwili. Hakuniambia kwamba Mungu hutoa na kutwaa. Hayo yalikuwa yamesemwa na kila mtu. Alichukua sigara, akaiwasha kwa kijinga cha moto, akavuta mara mbili, kisha akaigeuza, ule upande unaowaka akautia ndani ya kinywa na kufunga midomo. Wanawake wazima wa kwetu wengi walivuta hivyo. Majivu hayamwangukii mtoto, hayaingii kwenye unga, upepo wa ziwa hauzimi moto, na mikono inabaki huru kwa kazi. Akaitoa, akanifuta machozi kwa kidole gumba, akasema, "Kuja hapa, nyathina. Mtoto wangu, fungua mdomo. Usiogope, ulimi wenyewe unajua mahali pa kukaa."

Niliungua, nikakohoa mpaka nikatapika. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne nilimfuata mwenyewe kabla hajaniita. Nataka mlijue hili mapema: kitu kilichonila kinywa nilikipokea kama huruma, na kilikuwa huruma kweli. Kwa muda ule wa sigara moja, saa ya kunyonyesha ilipita.

Achieng alizaliwa baadaye, akaishi. Alipokuwa na miaka minne ulifanyika mkutano wa injili Katito, nikaenda kwa sababu wote walikwenda, nikajikuta mbele nimeinua mikono nikimlilia Otieno kwa sauti. Siku hiyo niliokoka, na sijawahi kutilia shaka kwamba niliokoka. Kanisani wakagundua nina sauti, wakanipa kazi ya kuanzisha nyimbo. Sijisifu. Sauti yenyewe haipo tena, kwa hiyo naweza kuisifu kama watu wanavyomsifu marehemu. Nilikuwa nikianzisha pambio bila ngoma, na watu waliopita na baiskeli zao kwenye barabara ya Kisii walikuwa wakishuka kusikiliza.

Kanisa letu lilikataza pombe na tumbaku. Pombe sikuwahi kuonja. Niliacha kusengenya, niliacha ugomvi na mke wa shemeji yangu, nilifunga kila Ijumaa. Sigara sikuacha. Nilivuta jikoni kwa Dani, halafu nikatafuna majani ya mpera, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikajifunga kitambaa, nikaenda mazoezi ya kwaya. Sigara iliyogeuzwa haitoi moshi mwingi, na moshi wa kuni hufunika kilichobaki. Hakuna aliyejua ila Dani. Kila mwaka mpya nilimwahidi Mungu. Mara moja nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nilimpiga Achieng kwa sababu ya kumwaga maji kidogo, nikamwacha uani analia, nikaenda moja kwa moja kwa Dani.

"Huyo Mungu wako ni mkali," Dani alisema, akinisogezea kiberiti. "Lakini wewe kaa tu."

Niliomba mara nyingi nifumaniwe. Nilikuwa namwomba Mungu anipelekee mtu afungue mlango anione, ili iishe. Mlango haukufunguliwa kwa miaka mitano.

Mvua ndefu za mwaka mmoja, miaka ya tisini ilipokuwa inaanza, uji wa moto ulianza kuniuma juu ya kinywa. Nilipopapasa kwa ulimi palikuwa na utando kama wa maziwa yaliyopoa, halafu baada ya wiki chache palikuwa na shimo dogo. Nilinyamaza. Mvua ikaisha, mahindi yakavunwa, kidonda kikabaki. Kilianza kunuka. Nilijua kwa sababu Achieng, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alianza kuinamisha kichwa mbali nilipokuwa nikimsuka. Nilimwambia atulie. Akasema shingo inamuuma. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

Zahanati walinipa dawa ya kusukutua mara mbili. Mara ya tatu muuguzi alinimulika kwa tochi, akazima tochi, kisha akaandika barua.

"Mama, nenda Kisumu. Usingojee mwisho wa mwezi."

Zablon aliomba ruhusa kazini akaja twende pamoja. Katika hospitali kubwa ya Kisumu tulikaa kwenye benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa na watu, tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Ukiwa na ugonjwa wa kinywa, benchi ni mateso ya aina yake, kwa sababu watu wanasogea. Mama aliyekuwa kulia kwangu alisogea kidogo, akasogea tena. Zablon aliona. Akahama kutoka kushoto akaja akakaa katika ile nafasi iliyoachwa, akaanza kumuuliza yule mama habari za mpunga wa Ahero kana kwamba hakuna kitu. Hilo nalihesabu kati ya wema nilioupata.

Ndani, daktari alitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, unavuta sigara?"

Zablon alicheka kidogo kwa heshima. "Daktari, huyu ni mama wa kanisa. Yeye ndiye anaongoza nyimbo."

"Hapana," nikasema. "Sivuti."

Daktari hakubishana. Alinishika kidevu, akamulika tena, akauliza polepole kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Moto unakaa ndani ama nje?"

Nilitazama viatu vya Zablon. Vilikuwa na alama za cheche za kazini.

"Ndani," nikasema.

Walinikata kinyama kidogo cha kupima, wakatuambia turudi baada ya wiki tatu. Tulipotoka Zablon alinipeleka mpaka ziwani, mahali wanapokaanga samaki, akaagiza, akakaa na samaki mkononi bila kumla.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Otieno."

Akamrudisha samaki sahanini. "Mimi nilikuwa Muhoroni," akasema. Basi. Nilifikiri ananilaumu. Ni baada ya miaka ndipo aliponiambia kwamba siku ile alikuwa akijilaumu yeye.

Lakini Zablon alimlaumu mama yake waziwazi. Majibu yalipotoka na tukaambiwa ni saratani, Zablon hakuingia hata nyumbani kunywa maji. Alikwenda kusimama mlangoni pa jiko la Dani. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba yangu, nikasikia kila neno.

"Mama, umeniulia mke. Ulimfundisha msichana wa watu kula moto. Mimi nilikuachia yeye umtunze."

Ningeweza kutoka nikasema, Baba Achieng, mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata. Miaka yote ile nilikwenda kwa miguu yangu. Sikutoka. Niliogopa, na pia, nikisema kweli yote, nilipata nafuu kusikia kosa likiwekwa kichwani pa mtu mwingine.

Tulitumwa Nairobi, kwa kuwa wakati ule mashine ya mionzi ilikuwa huko. Dani alisimama njiani tulipokuwa tukiondoka, amenishikia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Zablon alipita. Mimi nilipokea mayai, nikashindwa kumtazama usoni.

Upasuaji ulikuwa mwanzo wa msimu wa baridi wa Nairobi. Waliondoa sehemu kubwa ya kaakaa, ile dari ya kinywa, pamoja na meno manne. Nilipoamka na kupewa maji, maji yalitokea puani. Uji ulitokea puani. Hakuna aliyekuwa amenieleza jambo hilo kwa namna ambayo ningelielewa. Nilikaa kitandani nimeshika bakuli chini ya uso, nikaona uji wangu unarudi. Sista mmoja mnene, ambaye jina lake sikulijua kwa sababu kila mtu alimwita Sista tu, alikwenda akatafuta birika dogo la mdomo mrefu, akanifundisha kuinamisha kichwa upande na kumeza kidogo kidogo. Alikaa nami mpaka birika likaisha, ingawa wengine walikuwa wakimwita.

Zablon alikuja Jumapili. Nilitaka kumwita Baba Achieng, nilivyomwita siku zote. Hewa ilipita puani na herufi zikageuka. Kilichotoka kilikuwa "Mama Achieng." Nilijaribu tena, kikatoka vilevile. Mwanamke wa kitanda cha jirani akacheka kabla hajajizuia, na Zablon akacheka, na mimi nikacheka, kisha Zablon akaweka uso kwenye shuka karibu na mkono wangu na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimshika kisogo. Sikuwa na neno ambalo ningeweza kulitamka.

Baada ya kidonda kukauka walianza mionzi. Siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Wodini hatukuhesabu tarehe, tulihesabu mara za kuingia mionzi. Tulisema, mimi niko na kumi, yule yuko na ishirini na mbili. Kufikia ya kumi na tano shavu langu lilikuwa jeusi kama sufuria upande mmoja. Nywele za kisogoni zilibaki kwenye mto. Mate yalikauka mpaka ulimi ukanata, na chakula chote kilikuwa na ladha ya msumari. Sketi niliifunga kwa bandeji kwa sababu haikukaa tena kiunoni.

Na bado nilitamani sigara. Hili ndilo watu hawaamini, na ndilo hasa nililotaka kuliandika. Nikiwa na shimo kinywani, nikiwa nimeona kazi ya ule moto kwa macho yangu, nilitamani sigara kuliko nilivyotamani kupona. Siku moja nikingojea zamu yangu nje ya chumba cha mionzi niliona kipande kimetupwa kwenye maua. Niliinama kama ninayefunga kiatu, nikakiokota, nikakificha kwenye lesu, nikarudi nacho mpaka kitandani. Kilikaa chini ya mto siku mbili. Nikikuambia kwamba maombi ndiyo yaliyonizuia nitakuwa nakudanganya. Sikuwa na kiberiti.

Yule jirani aliyenicheka alikuwa Mama Nekesa kutoka Bungoma, mwenye uvimbe shingoni. Ndiye aliyekiona kipande hicho siku ya kubadilisha shuka. Hakunichongea. Alikitia mfukoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Umeshaahidi Mungu mara ngapi?" akauliza.

Nilimwonyesha vidole vyote, nikavifunga, nikavionyesha tena.

"Unaahidi nini? Maisha yote?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo ni kubwa sana. Mimi nilikuwa na pombe, najua. Usimwahidi Mungu maisha yako. Mwambie tu, Bwana, nishike mpaka uji wa saa nne. Uji ukija, mshukuru, halafu mwambie mpaka chakula cha mchana. Yeye hachoki kuitwa. Wewe ndiye umechoka kwa sababu unabeba miaka yote mara moja."

Tukaanza hivyo. Uji wa saa nne. Chakula cha mchana. Kupimwa joto. Chai. Chakula cha jioni. Kila gari la chakula liliposikika koridoni Mama Nekesa aliinua kidole kimoja, nami nikainua changu. Nilikuwa nikifunga macho na kusema ndani ya moyo, mpaka chai tu, Bwana. Wakati mwingine hata chai ilikuwa mbali mno, nikawa naomba mpaka yule muuguzi afike kitanda cha mwisho. Lakini ilifika. Nidhamu yangu yote ya Kikristo, ambayo baadaye watu wa kanisa walinisifia, ilikuwa hiyo, na nilifundishwa na mwanamke aliyekuwa akifa. Nilipokuwa na ishirini na sita Mama Nekesa alihamishwa chumba kingine. Nilipokuwa na ishirini na nane nikaambiwa nisimuulizie tena.

Nilirudi nyumbani mvua fupi zikianza. Nilipewa kizibo cha plastiki cha kufunika tundu la kaakaa. Nikikivaa, mtu aliyenizoea ananielewa. Lakini kiliniumiza mno, kwa hiyo nyumbani nilikitoa nikakiweka kwenye kikombe, nikakivaa kwa safari za kanisani na sokoni. Kwa boma langu nilikuwa mtu wa ishara na sauti za puani. Achieng peke yake alinielewa bila kizibo. Sijui alijifunza vipi. Baada ya mwezi alikuwa akijibu maneno yangu kabla sijayamaliza.

Nilimwambia Mchungaji kwamba nataka kuungama mbele ya kanisa. Alisema si lazima, nimeshaadhibiwa vya kutosha. Nikasisitiza. Jumapili ile nilisimama mahali nilipozoea kusimama kuanzisha nyimbo, nikaanza kusema, na kwa sababu ya kulia kizibo kikalegea, ikabidi nikitoe. Hakuna aliyesikia neno. Watu walitazama chini kwa aibu ya kutoelewa. Ndipo Achieng alipotoka kwenye benchi la watoto wa shule ya Jumapili, akaja akasimama kando yangu na gauni lake la bluu, akaninong'oneza, "Sema polepole, Mama. Mimi nitawaambia."

Nikasema. Naye akawaambia, sentensi moja moja, kwa sauti ileile anayosomea Biblia.

"Mama anasema alikuwa anavuta sigara miaka yote akiimba hapa."

"Mama anasema alidanganya daktari na akadanganya Baba."

Sikujua kama niendelee, maana lililofuata lilimhusu yeye. Akaninyanyulia uso, akingoja. Nikalisema.

"Mama anasema alinipiga siku moja kwa sababu alikuwa anataka sigara. Si kwa sababu ya maji." Kisha akaongeza lake, "Nilikuwa nimesahau."

Hakuwa amesahau. Wamama walikuja wakanikumbatia, na Mchungaji akaomba, na kusamehewa nilisamehewa, nina hakika. Lakini yule mtoto kubeba dhambi zangu kinywani mwake kwa sababu changu kimeharibika, hilo bado linaniamsha na uchungu.

Sikumtaja Dani katika maungamo yale. Nilidhani namlinda. Lakini Nyakach si mji mkubwa, na watu walijua. Na baada ya ibada Mchungaji aliniambia kwa nia njema, "Dada, likimbie jaribu. Usikae karibu nalo hata kidogo." Nami nikaenda nyumbani nikaacha kuingia jikoni kwa Dani.

Mjue jiko lenyewe lilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya sigara zake, na mate ambayo hayapo tena yalijaribu kunijaa. Nilikuwa nikifunga dirisha, nikisema, mpaka chai, Bwana. Zablon alikuwa amemkataza mama yake kuleta tumbaku mlangoni kwetu. Kwa hiyo Dani hakuja, na mimi sikwenda. Alimtuma Achieng na vitu: omena, wale dagaa wa ziwa letu, alizozikausha vizuri na kuzisaga laini kabisa ili nisihitaji kutafuna, uji wa wimbi uliochujwa mara mbili, parachichi lililopondwa. Nilikula. Nilirudisha vyombo safi, kwa mkono wa Achieng. Nikimwona uani nilimpungia mkono. Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimeshinda.

Ukapita mwaka. Siku moja, adhuhuri, nilikuwa nikianika nguo, na Dani akaja mpaka kwenye ua wa mikatani unaotenganisha nyumba zetu. Alikuwa amekonda. Masikio yake pia hayakuwa mazuri tena.

"Nyar Kano," akaita. "Unanichukia?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Siwezi kukuchukia."

Kizibo kilikuwa kwenye kikombe ndani ya nyumba. Nilisikia mwenyewe kilichotoka: sauti tu, kama ng'ombe anayeita mbali. Dani akaweka mkono sikioni.

"Unasema nini?"

Nikarudia. Nikatikisa kichwa na kupunga mikono. Alinitazama mdomoni, kisha mikononi, na nikaona hajui kama ninamkataa yeye au ninakataa kwamba ninamchukia. Angekuwa Achieng yupo angetafsiri, lakini alikuwa shuleni. Kizibo kilikuwa hatua kumi. Kule kuuvuka ua na kumshika mkono kulikuwa hatua tatu. Nikawaza, nikimkaribia nitasikia harufu, na leo niko dhaifu, sikulala vizuri. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba nitakuja kesho.

"Haya," akasema. "Sawa. Anika nguo zako."

Kesho yake sikwenda. Wiki ile wala mwezi ule sikwenda. Mvua ndefu zilipoanza, Dani alishikwa na kichomi. Zablon alikuwa kazini. Nilimtayarishia supu, nikampa Achieng ampelekee, nikijiambia kwamba kesho nitavaa kizibo niende nikae naye. Siku ya pili nilimtuma tena, na saa sita mchana Achieng alirudi na supu yote bakulini, akaliweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kisha akaniambia.

Zablon alikuja. Alimlilia mama yake kama mtoto mdogo, akipiga ukuta wa jiko kwa kiganja na kusema, "Nilikuambia maneno mabaya, Mama, nilikuambia maneno mabaya." Kanisa lilikuja likaimba. Walinitazama nilipokaa, wimbo ukaanzishwa na mwingine.

Baada ya mazishi mimi na Achieng tuliingia kusafisha lile jiko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu niende Nairobi. Nilivaa kizibo, nikashika pumzi, nikaingia nikiomba. Kisha ikabidi nivute hewa. Nikavuta tena. Palinuka majivu ya kuni, na omena, na kitambaa chake cha kichwa. Basi. Nikatazama kwenye ufa wa ukuta ambapo paketi ilikaa miaka yote. Palikuwa na sindano na uzi.

"Sigara za Dani ziko wapi?" nikamuuliza Achieng.

Alikuwa akifagia. Hakuinua kichwa. "Dani aliacha."

"Aliacha lini?"

"Kitambo. Kabla ya Krismasi. Ilimsumbua sana, alikuwa anatetemeka, nikawa namshika mikono. Alisema jiko likikaa bila harufu, wewe utasikia imeisha, utakuja."

"Mbona hukuniambia?"

Sasa aliinua kichwa. "Alinikataza. Alisema usilazimishwe. Alisema utasikia mwenyewe." Akaangalia ufagio. "Siku ile ya ua alikuwa ameenda ili usikie."

Dani, ambaye hakuwahi kuingia kanisani ila kwa harusi na mazishi, alikuwa na zaidi ya miaka sitini akaiacha sigara ya maisha yake yote, bila Mchungaji, bila Mama Nekesa, ameshikwa mikono na mtoto wa darasa la tano. Na mimi, ambaye nilisimama mbele ya watu nikishangiliwa kwa ushindi wangu, sikumsogelea karibu vya kutosha hata kuujua wake.

Huu ni mwaka wa saba sijavuta. Kidonda hakijarudi. Nina kizibo kipya ambacho hakiniumizi sana, na kanisani naimba kwa midomo tu. Hamu bado huja, hasa alasiri, nami huomba mpaka chai, na chai hufika. Mungu ametimiza upande wake. Sina lalamiko kwake.

Wamama hunijia sasa, wengine kwa siri, kuuliza nimeachaje. Nawafundisha kugawanya siku. Kisha nawauliza, ulikuwa unavuta na nani? Wengi hushtuka, kwa sababu walitaka maswali juu yao wenyewe tu. Nawaambia waikimbie sigara, walikimbie na jiko ikibidi, lakini huyo mtu wamwite atoke nje wakae naye mahali penye upepo, hata kama ni kwa dakika chache, hata kama ni kwa kushikana mikono bila kusema. Halikuwa jambo la kuhitaji imani kubwa. Dani alikuwa na vigoda viwili, na vyote viwili vingepita mlangoni.